MP4 na maudhui huria: yanayosemwa Mombasa na yalivyo

Mombasa haina uhaba wa video. Arusi za Mji wa Kale zina wapiga video wao, na kwenye feri ya Likoni hakukosi mtu aliyeinua simu. Ila faili hizo, ambazo mara nyingi ni za MP4, zikipelekwa Wikimedia Commons, ghala ambamo Wikipedia huchukua picha na video, hukwama mlangoni, kwa kuwa Commons haipokei MP4. Hapo ndipo maneno huanza.

Dhana: MP4 ni ya bure, mbona inafunguka kila mahali?

Kufunguka kila mahali si kuwa huru. MP4 ni kontena tu, na kama kontena za Kilindini, umbo la nje halikwambii shehena iliyomo. Mara nyingi ndani mna video iliyobanwa kwa H.264, kiwango cha kubana video cha mwaka 2003 chenye hataza (haki za uvumbuzi) za makampuni mengi. Watengenezaji wa simu, kamera na programu wameilipia leseni. Wewe huioni ada hiyo kwa kuwa imo kwenye bei ya simu.

Chukua kitabu cha maelezo cha kamera ukasome maandishi madogo ya mwisho. Katika vitabu vingi utakuta leseni ya AVC, jina jingine la H.264, imetolewa kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Wapiga video wangapi wa arusi wamewahi kufika ukurasa huo?

Hakuna atakayekuja Majengo kuwakamata, tusitishane. Tangu 2010 wasimamizi wa hataza hizo walitangaza kuwa video zinazotazamwa bure mtandaoni hazitozwi. Shida iko kwa programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha: inanakiliwa na yeyote bila kuhesabiwa, sasa ada ya kila nakala italipwa na nani? Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilijitolea kubeba gharama ya leseni ili kivinjari cha Firefox na wengine waweze kutumia kodeki yake (programu ya kubana na kufungua video) ya H.264. Uhuru unaosubiri mfadhili una mashaka.

Dhana: ni wakubwa wa Wikimedia waliokataa MP4.

Kinyume chake. Mwanzoni mwa 2014 shirika lenyewe la Wikimedia, linaloendesha Commons, ndilo lililouliza kama MP4 iruhusiwe. Wanajamii, yaani wachangiaji wa Commons, wakajadili, na wengi wakakataa. Naona walikuwa na haki, japo mzigo wa uamuzi ule humwangukia kijana mwenye simu moja na bando la kuhesabu.

Dhana: badilisha tu .mp4 iwe .webm.

Hapana. WebM ni kontena huria ambayo Commons huipokea, lakini hapo umebadilisha jina tu, video ni ileile. Ibadilishe kwa programu kama HandBrake au VLC, zote za bure.

Dhana: WebM inaharibu picha.

Kila kubana upya hupunguza kitu, hilo kweli. Lakini VP9 ya 2013, njia ya kubana inayotumika ndani ya WebM, haishindwi na H.264, na AV1 ya 2018 hubana vizuri zaidi. Mara nyingi mharibifu ni WhatsApp: video imeshapita kwenye makundi matatu, imekwisha kuchuja, kisha lawama anatwikwa WebM. Badilisha kutoka faili la asili, lililo kwenye kamera au simu iliyorekodi.

Dhana: nikiandika "si kwa biashara", bado ni maudhui huria.

Kwa Commons, la. Leseni huria humruhusu hata mfanyabiashara kutumia na kubadilisha kazi yako. Leseni za Creative Commons ziitwazo CC BY na CC BY-SA zinakubaliwa, na zote mbili zinamlazimu mtumiaji akutaje jina. Hakimiliki inabaki yako.

Dhana: nimepiga mwenyewe, kwa hiyo yote ni yangu.

Picha ni zako. Wimbo wa taarab unaovuma nyuma una mwenyewe, na kwa sheria ya Kenya utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi nayo ina haki zake mbali. Ukiwa na kipande kizuri cha bibi arusi akitolewa nje, kata sauti ya spika kabla ya kupakia, au rekodi vigelegele kabla mitambo haijawashwa.