Aliyenaswa na umeme usimvute kwa mkono

Mtu akinaswa na umeme, anayemkimbilia kwanza ni mtu wake wa karibu. Huyo naye anaweza kufa palepale, kwa sababu ya mambo tunayoambiana kila siku na si kweli.

"Nikimvuta haraka, hautanipata." Utakupata. Umeme ukipita mwilini, misuli hukaza. Miliampea 10 hadi 20 hivi zatosha kufunga vidole visiweze kuachia. Ukimshika, umeme unapita kwako pia kwenda ardhini. Chukua ua wa nyumba za kupanga Kampala: waya wa kuanikia nguo umefungwa kwenye bati, na juu ya bati hilo waya uliovutwa na kamyufu, fundi umeme asiye na leseni, kutoka kwa jirani umechubuka. Chini kumelowa maji ya kufulia. Mama anaanika shuka, ananaswa. Yaka ya kwake, mita ya umeme wa kulipia kabla, iliisha uniti tangu jana, lakini umeme unaomshika ni wa jirani, kwa hiyo kuzima swichi yake hakusaidii. Binti yake asimguse. Apige kelele jirani azime swichi kuu.

"Nimevaa ndala." Ndala iliyolowa au kuchakaa si kinga dhidi ya volti 240. Swichi isipofikika, panda juu ya ubao au kiti cha plastiki kikavu, kisha msukume aachane na waya kwa mpini mkavu wa ufagio.

"Mti mkavu unafaa popote." Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Nyaya kubwa za nguzoni hubeba volti 11,000 au 33,000, na hapo mti haukukingi hata kidogo. Waya ukianguka, hata ardhi inayouzunguka inaweza kuwa na umeme. Kaa mbali, mita 10 au zaidi, zuia watoto, wapigie UEDCL, shirika la kusambaza umeme Uganda. Hata mtaa ukiwa gizani, usiusogelee waya huo vilevile, umeme hurudi bila taarifa.

"Bado ana umeme mwilini." Hana. Umeme ukishakatwa, mguse bila hofu. Asipopumua, tuma mtu atafute gari, wewe bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Maziwa na mchanga havimsaidii, vinakula dakika zake. Na akiinuka akasema yuko sawa, mpeleke kituo cha afya hata hivyo: umeme huunguza ndani kuliko ngozi inavyoonyesha, na mapigo ya moyo yanaweza kuwa yamevurugika.