Hela ya shule haitoki mfukoni mwa mgombea

Jamani wana Tanga, haya matangazo ya kampeni kwenye tivii, mgombea kazungukwa na watoto wa shule halafu tunaambiwa yeye ndo anawasomesha bure, yanapotosha. Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, tano na sita zikafuata 2022, na inayolipa ni kodi, yaani hata mama muuza mihogo pale Ngamiani akinunua vocha kashachangia, tena kila siku. Na bure haimaanishi shule imejaa hela, ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, chaki humo, karatasi za mitihani humo, ukarabati humo! Kikao cha wazazi kikiitwa nendeni, ulizeni imeingia shingapi.