Jua la Diani halizami baharini

Mteja wangu wa Kilimani ana nyumba Diani anayokodisha wageni. Alitaka niipige picha jioni, jua likizama baharini. Nikamwambia, mama, jua la Diani huzama nyuma ya vilima vya Shimba. Hakufurahi.

Dhana: Baharini ndiko kwenye machweo.
Ukweli: Pwani yetu inatazama mashariki. Ukisimama ufukweni ukaielekea nyumba, rangi ya chungwa iko nyuma yake na paa la makuti linachoreka vizuri. Ukigeukia bahari, jua likishatua utaona ukanda wa waridi, na chini yake buluu nzito ikipanda. Hiyo ni kivuli cha dunia yenyewe, na kwangu mimi inaishinda chungwa. Anayetaka jua juu ya maji aamke alfajiri.

Dhana: Muda upo.
Ukweli: Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Tangu litue hadi lifike nyuzi 6 chini ya upeo, mwanga mzuri wa jioni unapokwisha, ni dakika 21 au 22, wakati London mwezi Juni ni zaidi ya 40. Mafunzo mengi ya upigaji picha ya mtandaoni tunayoyatazama Nairobi yametoka huko. Tena Mombasa, jirani na Diani, jua hutua mapema kuliko Nairobi, kwa wastani dakika 11. Saa 11 jioni stendi yangu ya kamera huwa imeshakazwa na fremu imeshachaguliwa.

Dhana: Ngoja giza, taa zing'ae.
Ukweli: Gizani madirisha hugeuka mabaka meupe na makuti humezwa na anga. Mwanga wa ndani na wa nje ukilingana, ndipo. Mimi hupiga kila dakika, na picha ninayoichagua huwa kati ya dakika ya 10 na ya 15 baada ya jua kutua.

Dhana: Washa taa zote.
Ukweli: Ile tyubu nyeupe ya jikoni izime.

Dhana: Lenzi pana, sogea karibu.
Ukweli: Ukiinua kamera juu, kuta huonekana zimelala. Iweke sawa, usawa wa kifua, urudi nyuma. Ila nyuma ni ufuo, na wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji yanaweza kufika ukutani. Kupwa kwa leo kesho huchelewa kama dakika 50, basi waulize wavuvi kabla ya kukata tiketi ya treni.

Na kamera usiitoe kwenye kiyoyozi saa 12 jioni. Lenzi itashika ukungu, ufute na ufute huku buluu ya anga inaondoka. Yangu hukaa barazani tangu saa 10.