Pixel 8a au Galaxy A55: anza na kile fundi hawezi kukubadilishia

Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi, mama wa watoto wawili, aliketi mbele ya meza yangu ya kazi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameipiga mstari katikati. Upande mmoja kaandika Samsung Galaxy A55, upande wa pili Google Pixel 8a, na chini yake namba tupu: RAM (memori ya kuendeshea programu), megapikseli za kamera, mAh za betri, wati za chaji. Kila namba kubwa kaizungushia duara. A55 ilikuwa na maduara mengi kuliko mwenzake.

"Fundi, namba zinasema Samsung, mdogo wangu anasema Pixel. We niambie tu ipi."

Nikamwomba kalamu. Nikaipitia karatasi yake na kukata kila kitu ambacho mimi mwenyewe ninaweza kukitoa na kuweka kingine hapo hapo mezani. Betri nikaikata. Kioo nikakikata. Wati za chaji nazo nikazikata, maana kupishana kwa dakika ishirini au thelathini kwenye soketi si jambo la kukufanya uchague simu ya miaka mitano. Namba zilizobaki zilikuwa chache, na mengine mawili yenye uzito mkubwa hakuwa ameyaandika kabisa.

Ndivyo ninavyolinganisha simu za daraja la kati siku hizi. Zote zina RAM ya kutosha, zote zina skrini nzuri ya OLED inayokwenda hadi hezi 120, zote zinafungua WhatsApp kabla hujapepesa jicho. Prosesa, yaani ubongo wa simu, kwa A55 ni Exynos 1480, kwa Pixel ni Tensor G3. Ya Pixel ina nguvu zaidi na pia hupata joto haraka zaidi, na kwa mtu asiyecheza magemu mazito hadithi yake inaishia hapo. Linalotenganisha simu hizi ni yale yaliyofungwa ndani moja kwa moja: hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi, modemu inayoshika mtandao, namna kamera inavyochakata picha, na miaka ambayo mtengenezaji ameahidi kuihudumia simu kwa masasisho.

Nianze na miaka, jambo la kwanza ambalo hakuwa ameliandika, maana hapo ndipo pengo ni kubwa. Simu zote mbili zilitoka mwaka 2024, A55 mwezi Machi na Pixel 8a mwezi Mei, zote zikiwa na Android 14. Samsung iliahidi vizazi vinne vya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, yaani mpaka 2029. Google iliahidi miaka saba ya yote mawili, mpaka Mei 2031. Ukinunua leo, hesabu kuanzia mwezi aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa, si siku uliyotoa pesa. Wengi hukosea hapo.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu simu ikiishiwa masasisho haizimiki, na ndiyo maana watu hawalioni tatizo mapema. Inaendelea kuwaka, betri mpya unaiwekea, kioo kipya unakiweka. Kisha siku moja programu ya benki inakataa kufunguka kwa kuwa toleo la Android limezeeka. Nimewahi kuwarudishia watu simu nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, nikawaambia sina la kuwafanyia. Inaniuma kila mara, kwa sababu mtu amekuja na kifaa kizima na anaondoka akijua lazima anunue kingine.

Sasa kamera. Hapa ndipo karatasi ya yule mama ilimdanganya zaidi. A55 ina kamera kuu ya megapikseli 50, Pixel ina 64, lakini hakuna hata moja inayokupa picha ya ukubwa huo kwa kawaida. Zote huunganisha pikseli nne kuwa moja, kwa hiyo A55 inakupa picha ya megapikseli kama 12 na Pixel kama 16. Na sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ya A55, si ya Pixel! Ukienda kwa vipimo vya lenzi na sensa peke yake, utaamini Samsung ndiyo itakayoshinda.

Yule mama alikuwa amekuja na binti yake wa miaka kama minne, ambaye kwa muda wote huo alikuwa anazunguka kwenye kiti changu cha magurudumu. Chumba changu kina taa moja ya dari na ilikuwa jioni. Nikachukua Pixel 8a ninayotumia mwenyewe na A55 ninayoitumia kujaribia vipuri, nikampiga mtoto picha kwa zote mbili akiwa katikati ya mzunguko. Kwenye A55 ukuta ulitoka mweupe na safi, rangi za gauni zikang'aa, lakini mkono wa mtoto ulikuwa ukungu na macho yake yamepotea kidogo. Kwenye Pixel picha ilikuwa na giza kidogo zaidi, ila kope zilionekana, vidole vilihesabika, na shavu lake lilikuwa na rangi yake halisi ya kahawia, halikupaushwa wala kugeuzwa jivu.

Sababu yake ni hii. Mwanga ukiwa mdogo, kamera ina njia mbili: ifungue jicho kwa muda mrefu ili picha ing'ae, au ifungue kwa muda mfupi mara nyingi kisha iziunganishe picha hizo kuwa moja. Njia ya kwanza ni rahisi, lakini chochote kinachotembea kinakuwa ukungu. Ya pili inahitaji programu nzuri ya kuchakata, na Google wameifanyia kazi kwa miaka. Kuhusu rangi ya ngozi, tangu Pixel 6 ya mwaka 2021 wamekuwa na kitu wanachokiita Real Tone, yaani kuifundisha kamera isiwapaushe wala kuwatia giza watu wenye ngozi nyeusi. Hilo mimi nalithamini kwa moyo wote. Nimeona albamu nyingi za familia ambazo babu ni meno na macho tu.

Mchana kwenye mwanga wa kutosha tofauti hupungua sana. Mtu anayepiga picha za risiti na mandhari ya mchana hana sababu ya kuchagua kwa kamera. Ile kamera ya tatu ya A55, ya megapikseli 5 ya vitu vya karibu, usiihesabu kabisa.

Turudi kwenye nilivyovikata, maana kukata si kudharau. Betri ya A55 ni mAh 5000, ya Pixel ni mAh 4492. A55 ina skrini kubwa ya inchi 6.6 dhidi ya 6.1, kwa hiyo pengo si kubwa kama namba zinavyoonyesha, lakini bado A55 hudumu zaidi. Mimi na Pixel yangu hufika jioni nikiwa na asilimia 20 hivi, na siku nikitumia data njiani kutwa nzima siifikii. Chaji ni wati 25 kwa A55 na 18 kwa Pixel, ingawa Pixel huchajika bila waya na A55 haichajiki hivyo. Google wanasema betri ya 8a hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kama 1000 ya chaji. Naipokea ahadi hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa mtangulizi wake, Pixel 7a, alikuwa na betri zilizovimba mpaka mwaka 2025 Google ikatangaza mpango maalumu wa kuzirekebisha.

Kioo kina hadithi ndefu zaidi, na hii ni ya mezani kwangu. Pixel 8a ina Gorilla Glass 3, kioo cha mwaka 2013. Kinavumilia mikwaruzo vizuri, kuanguka hakivumilii sana. A55 ina Gorilla Glass Victus+ mbele, imara zaidi. Ila nyuma ya Pixel ni plastiki, ambayo haivunjiki kirahisi, na nyuma ya A55 ni kioo, ambacho kikigonga sakafu kwa kona hupasuka kama utando wa buibui.

Halafu kuna kufungua. Pixel 8a hufunguliwa kwa mbele: unapasha joto kingo, unaingiza kadi nyembamba ya plastiki, unainua skrini yenyewe. Kubadilisha skrini hapo ni kazi fupi. Kubadilisha betri ndiko kunakotoa jasho, kwa sababu lazima uiondoe skrini nzima iliyo salama ili uifikie, na fundi mwenye haraka atakurudishia simu yenye betri mpya na mstari wa kijani katikati ya kioo. A55 ni kinyume chake. Unaingilia nyuma, betri unaifikia bila kugusa skrini, lakini skrini yenyewe imegandishwa kwenye fremu, na mara nyingi tunabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Zote zina IP67, yaani zinavumilia maji matamu ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kinga hiyo ni gundi. Siku fundi yeyote akishaifungua, mwulize kama amerudisha gundi mpya, na hata akisema ndiyo, usiiogeshe.

Kwenye Pixel, skrini ikishabadilishwa, alama ya kidole inahitaji kupimwa upya kwa programu ya Google. Fundi asiyejua hilo atakuambia kipuri ni kibovu.

Hifadhi haikatiki. A55 inapokea memori kadi, Pixel haipokei. A55 ndiyo ya mwisho katika mfululizo wake kuwa na nafasi hiyo. A56 ya mwaka 2025 haina. Lakini tundu la pili la A55 ni la laini au kadi, si vyote viwili, na mtu wa laini mbili za kawaida atalazimika kuchagua. Pixel ina tundu moja la laini na eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Mimi, nimeshika kadi nyingi zilizokufa na picha za harusi ndani, humwambia kila mtu anunue toleo la GB 256 na asahau kadi.

Mpaka hapo yule mama alikuwa ameshaamua Pixel, na mimi nilikuwa upande wake. Kisha nikamwuliza swali la mwisho, lile jambo la pili ambalo halikuwa kwenye karatasi: kioo kikivunjika, unakipata wapi?

Mantiki yangu yote ya kukata inasimama juu ya kipuri kupatikana. Google huuza Pixel rasmi katika nchi chache kuliko Samsung. Mahali ambapo haiuzwi rasmi, dhamana haikufuati, 5G inaweza kukataa hata kama mtandao upo, na skrini halisi huagizwa kwa wiki kadhaa. Hapo kioo kinarudi kwenye orodha ya visivyobadilishika, na Gorilla Glass 3 inakuwa udhaifu mkubwa. Pia Pixel nyingi zinazouzwa mkononi zimetoka kwa kampuni za simu za Marekani, nyingine zimefungwa kwa mtandao huo. Weka laini yako ndani na upige simu kabla hujalipa, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, na hakikisha akaunti ya Google ya mwenye simu imeondolewa mbele ya macho yako.

Nikampa kazi ya kufanya: awaulize mafundi watatu, bila kunitaja, wana skrini ya Pixel 8a siku hiyo hiyo? Unakoishi wewe jibu linaweza kuwa tofauti, na likiwa ndiyo, chukua Pixel bila kusita.

Juzi alirudi. Wawili walimwambia wanaagiza, mmoja alimpa ya Pixel 7a akisema ni ile ile. Alikuwa na A55 ya GB 256 mkononi, bado ina karatasi ya kiwandani. Nikaibandika protekta, nikamtafutia kava lenye kingo nene kwa ajili ya kioo cha nyuma, tukahamisha picha zake zote. Picha ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya binti yake kwenye kile kiti, na mkono ukatoka ukungu vile vile. Nikamsogeza mtoto mpaka dirishani, mwanga ukimpiga upande wa kushoto, nikamwambia mama asubiri kiti kisimame. Ya pili kaiweka kwenye skrini.