Mpira uende, mchele uje

Swali ninaloulizwa sana darasani hapa Dar, tukifika kwenye biashara na nchi za kikomunisti, ni hili: serikali mpya imeingia jana, mfanyabiashara anaanzia wapi? Wengi wanasema ubalozi kwanza. Hapana jamani, angalieni Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon.

China mpya ilitangazwa Oktoba 1, 1949, mwaka uliofuata vita vya Korea vikaanza na China ikaingia vitani, na Mei 1951 Umoja wa Mataifa ukataka nchi zisiipelekee China vitu vya kivita, mpira ghafi nao ukahesabiwa humo. Sasa Ceylon wana mpira kibao bei imeporomoka, mchele hamna na kuununua nje ni ghali mno, na serikali yao yenyewe ilikuwa inapingana na wakomunisti wa nyumbani, lakini watu wanataka wali mezani. Umoja wa Mataifa walikuwa hawajajiunga (wameingia 1955), kwa hiyo vile vikwazo haviwabani. Waziri wao wa biashara, R.G. Senanayake, akaenda Beijing, na Desemba 1952 ukasainiwa mkataba wa miaka 5, kila mwaka tani 50,000 za mpira ziende, tani 270,000 za mchele zije. Mpira wao ukalipwa juu ya bei ya soko. Marekani ikawakatia misaada, wakaendelea tu. Mabalozi wamekuja kubadilishana 1957!

Mimi nasisitiza hapa manake watu wanapitwa: China ya enzi hizo ulikuwa huuziani na wafanyabiashara kumi ukachagua mwenye bei nzuri, mnunuzi alikuwa mmoja, serikali, ukikosana naye huna mlango wa pili. Na dola zilikuwa za shida, ndo maana bidhaa inalipwa kwa bidhaa.

Wazee wetu hili wameliishi kabisa. TAZARA, reli yetu na Zambia, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, na gharama za huku ndani, mishahara na mengine, zilipatikana kwa kuleta bidhaa za China, zikauzwa madukani kwetu, shilingi zikaenda kwenye mradi. Yaani shati la Kichina alilonunua babu yako Kariakoo miaka ya 70, inawezekana kabisa ndo lililomlipa kijana aliyekuwa anachimba njia ya reli kule Mlimba.