MaikroRNA katika viinitete vya vyura: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wanafunzi wengi wanaoingia maabara za biolojia ya molekuli hapa Uganda hudhani kwamba maikroRNA (molekuli ndogo zinazodhibiti kazi ya jeni kwa kuzuia RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ni RNA kama nyingine, ila fupi, na kwamba mbinu walizokwisha kuzizoea zitatosha. Hazitoshi. MaikroRNA ina nukliotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) 22 hivi, ilhali RNA mjumbe huwa na mamia au maelfu, na ufupi huo huvuruga karibu kila hatua. Kolamu nyingi za silika za kusafishia RNA hupitisha vipande visivyofika nukliotidi 200, hivyo kile kinachotafutwa humwagwa mapema pamoja na maji ya kuoshea. Praima ya kawaida (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakilishaji) ya PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, nayo hukaribia urefu wa molekuli yenyewe, ndiyo maana hutumiwa praima yenye kitanzi, inayoirefusha kwanza. Anayetaka kuona kwa rangi molekuli hizo zimekaa wapi mwilini mwa kiinitete huhitaji kipande cha kunasia chenye nukliotidi za LNA (zilizobadilishwa kikemikali ili zishike kwa nguvu zaidi), kwa sababu kipande kifupi cha DNA tupu hushika kwa ulegevu na kuachia mara kioshwapo kwa maji ya moto. (PCR ya kiinitete kilichosagwa haijibu swali hilo: hutoa kiasi, si mahali.)

Wapo pia wanaosema chura ni chura, hata wa kinamasi cha jirani atafaa. Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika ana kromosomu 36, X. tropicalis wa Afrika Magharibi ana 20, na X. ruwenzoriensis wa magharibi mwa Uganda ana 108. Kweli, maikroRNA iliyokomaa hubadilika kidogo sana baina ya spishi, na kipande kimoja cha kunasia huweza kufaa kwa kadhaa. Lakini anayekusudia kuharibu jeni yenyewe atakuta nakala nyingi zaidi za kushughulikia kwa laevis kuliko kwa tropicalis, kwa kuwa laevis ana seti nyingi zaidi za kromosomu.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba kiinitete kikipinda baada ya kudungwa mofolino (kipande bandia kinachoshika RNA lengwa) ya kuzuia maikroRNA, basi kazi yake imethibitishwa. Sindano yenyewe hudhuru, na dozi kubwa huwa sumu. Chura humrahisishia mtafiti hapa: kiinitete kikiwa na seli mbili tu, hudungwa moja, ambayo kwa kawaida huzaa upande mmoja wa mwili, na upande wa pili hubaki kuwa kipimo cha kulinganishia. Mofolino nyingine, yenye herufi chache zilizokosewa makusudi, hudungwa katika viinitete vya kundi hilohilo, na vikipinda navyo, tokeo la kwanza huwekwa kando.