Gemu la zamani likiundwa upya, si lazima kila kitu kibaki

Wapenzi wengi wa gemu wanaamini kuwa gemu la zamani likiundwa upya, uaminifu ni kubakisha kila kitu kama kilivyokuwa, picha tu ndizo zing'arishwe. Imani hiyo imetokana na mapenzi, na ina sehemu yake ya ukweli.

Lakini mengi tuliyoyazoea yalitokana na uwezo mdogo wa mashine. Chukua Resident Evil 2 ya 1998, gemu la kutisha la kupambana na mazombi. Kila ukivuka mlango, skrini inakuwa nyeusi, mlango unafunguka taratibu, moyo unakudunda. Mlango ule ulificha muda wa mashine kusoma diski. Toleo la 2019 liliuondoa, na kamera iliyokuwa imetulia kwenye kona ya chumba ikahamia begani kwa mhusika. Uhaba wa risasi, nafasi chache za kubebea vitu na korido za giza za kituo cha polisi vikabaki. Kwangu huo ndio uaminifu wenyewe: hofu ni ileile. Hata utepe wa wino wa taipureta, uliotumika kila ulipohifadhi mchezo, haukutupwa. Unahitajika ukichagua kiwango kigumu zaidi.

Picha nazo zilitengenezwa enzi za TV za chogo, zilizolainisha kingo. Kwenye skrini bapa ya leo unaona miraba ambayo utotoni hatukuiona hivyo.

Ukitaka kuhakiki, tafuta video za matoleo yote mawili, tazama tukio moja sambamba, ujiulize kila kilichobadilika kiliwekwa mwanzo kwa sababu gani. Pekua pia menyu ya mipangilio. Baadhi ya matoleo mapya yanakuruhusu kurudisha muziki wa zamani.